Kunyamazisha jeni na saratani ya kibofu cha mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wa aina mbili: wanafunzi wanaoanza kazi ya seli maabara, na jamaa za wagonjwa waliosoma mahali fulani kwamba "wanasayansi wamezima jeni ya saratani". Nimefanya kazi na seli za kibofu kwa miaka kadhaa, na nawajibu wote wawili hapa. Ukiwa na mgonjwa nyumbani na huna muda, nenda moja kwa moja swali la 16.

## Mwanzo kabisa

1. Kibofu kipi? Si ndiyo tezi dume?

Hapana, ingawa mkanganyiko huu ni wa kila siku. Kibofu cha mkojo ni mfuko unaohifadhi mkojo, na wanaume kwa wanawake wanacho. Tezi dume iko chini ya kibofu na ni ya wanaume peke yao. Kila moja ikiugua inaweza kuleta shida ya kukojoa, ndiyo maana watu huzichanganya. Humu nazungumzia kibofu.

2. Kunyamazisha jeni maana yake nini?

Chukua fundi cherehani mwenye daftari moja la vipimo. Daftari halitoki dukani. Kijana anayekata kitambaa hupewa karatasi iliyonakiliwa kutoka daftarini, naye hukata kwa kufuata karatasi hiyo. Ndani ya seli, daftari ni DNA, karatasi ni RNA mjumbe, na nguo inayotoka ni protini.

Kunyamazisha jeni ni kuzichana karatasi za jeni moja kabla kijana hajazisoma. Daftari linabaki kama lilivyo, ila nguo ile haishonwi, au zinashonwa chache. Hilo neno "chache" lina uzito. Jaribio zuri la maabara hupunguza karatasi kwa asilimia 70 hadi 90 hivi. Kuzimaliza zote ni nadra. Ndiyo maana wenye kazi hii husema jeni "imenyamazishwa", hawasemi "imeondolewa".

3. Seli inajuaje karatasi ipi ichanwe?

Kwa kulinganisha herufi. RNA ina herufi nne, A, U, G na C, na huungana kwa jozi: A na U, G na C. Mtafiti huagiza uzi pacha mfupi wa RNA, wa herufi 21 hivi, unaolingana na sehemu ya karatasi anayoitaka. Uzi huo huitwa siRNA.

Ukishaingia ndani ya seli, hushikwa na mkusanyiko wa protini uitwao RISC. RISC hutupa uzi mmoja wa pacha na kubaki na mwingine, kama mbwa wa polisi aliyenusishwa shati la mtu anayetafutwa. Kisha huzunguka, na ikikutana na RNA mjumbe inayolingana, protini iitwayo Argonaute 2 huikata katikati. Kazi haiishii hapo: uzi uleule hutumika tena kukata nyingine, na nyingine. Kwa hiyo kiasi kidogo cha siRNA hufanya kazi kubwa.

Wengine hutumia shRNA, yaani uzi uliojikunja kama kibanio cha nywele, ambao seli yenyewe hutengenezeshwa kwa kupachikwa maelekezo mapya, mara nyingi kwa kutumia virusi vilivyodhoofishwa. Huo hukatwa kwanza na kimeng'enya kiitwacho Dicer, halafu unafuata njia ileile.

4. Nani aligundua?

Dalili ya kwanza ilitoka kwenye maua. Karibu mwaka 1990, Richard Jorgensen na wenzake huko California waliongeza nakala ya jeni ya rangi kwenye petunia za zambarau, wakitaka zikolee zaidi. Baadhi zikachanua nyeupe. Jeni ya kuongezwa ilikuwa imeinyamazisha hata ile ya asili.

Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello, Wamarekani wawili, walionyesha katika mnyoo mdogo C. elegans kwamba uzi pacha wa RNA ndio unaonyamazisha. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2006. Kwa sisi wa seli za binadamu, mwaka mkubwa ni 2001. Ndipo Thomas Tuschl na kundi lake huko Ujerumani walipoonyesha kwamba vipande vya herufi 21 hufanya kazi katika seli za mamalia bila kuamsha kengele ya virusi. Kabla ya hapo, ukiweka uzi mrefu, seli hudhani imevamiwa na hufunga kazi zake zote.

5. Hivi si sawa na kuhariri jeni kwa CRISPR?

CRISPR hukata ukurasa wa daftari lenyewe. Mabadiliko yake hubaki, na seli zitakazozaliwa huyarithi. Kunyamazisha kunagusa karatasi tu, kwa hiyo athari huisha (tazama swali la 10). Kila njia ina mahali pake. Ukitaka kujua seli itakuwaje jeni isipokuwepo kabisa, tumia CRISPR. Lakini dawa haitazima protini kwa asilimia mia, na ukitaka kujua itakuwaje protini ikipungua kama dawa itakavyoipunguza, kunyamazisha kunakupa picha ya karibu zaidi. Zikikubaliana zote mbili, unatembea kifua mbele.

## Seli za kibofu ndani ya maabara

6. Ni jeni zipi zimenyamazishwa, na nini kilitokea?

Ni nyingi mno kuzitaja zote, kwa hiyo nachagua zile zilizofundisha kitu.

FGFR3 ni kipokezi kilicho juu ya seli, kinachopokea amri ya kukua. Katika saratani nyingi za kibofu zilizo bado juu juu, jeni hii ina kosa linaloiacha ikiwaka hata pasipo amri. Mwaka 2007 watafiti wa Leeds, Uingereza, walitumia shRNA kuinyamazisha FGFR3 yenye kosa hilo katika seli za kibofu, na ukuaji ukapungua. Hicho ndicho tulichokuwa tunakihitaji: ushahidi kwamba seli inaitegemea, haikuwa tu inaibeba. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kidonge kiitwacho erdafitinib, kinachozuia vipokezi vya jamii hii, kwa wagonjwa wa saratani ya kibofu iliyosambaa wenye kosa la FGFR3 au FGFR2. Kidonge si siRNA. Lakini nikiulizwa kunyamazisha jeni kumemsaidia nini mgonjwa, naanza na mfano huu. Kazi yake kubwa hadi leo imekuwa kutuonyesha mahali pa kulenga, na mara nyingi risasi ni ya aina nyingine.

PLK1 husimamia seli inapogawanyika. Ukiipunguza, seli hukwama katikati ya kugawanyika na nyingi hufa. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walivuka hatua ya sahani ya maabara: waliipandikiza saratani ya binadamu katika vibofu vya panya, kisha wakaingiza siRNA dhidi ya PLK1 ndani ya kibofu ikiwa imefungwa kwenye matone ya mafuta. Ukuaji wa uvimbe ukazuiwa.

Survivini ni protini inayoiziba seli masikio isisikie amri ya kujiua. Haipatikani kwa wingi katika tishu nyingi za mtu mzima, lakini saratani huwa imejaa. Tangu mwaka 2004 tafiti zimeonyesha kwamba kuinyamazisha hupunguza kasi ya seli za kibofu na kuzifanya zife kwa urahisi zaidi.

7. Jaribio lenyewe hufanywaje?

Siku ya kwanza unapanda seli kwenye sahani ya plastiki yenye visima, kwa kawaida 6 au 96, ndani ya kimiminika cha lishe chenye rangi ya waridi. Sahani inalala kwenye kabati la joto la nyuzi 37 lenye hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5. Asubuhi yake, seli zikiwa zimeshika sakafu, unachanganya siRNA na mafuta ya kubebea, unasubiri dakika kama 20, kisha unadondosha tone kwa tone.

RNA ina chaji hasi, na ngozi ya seli pia ina chaji hasi, kwa hiyo peke yake haipenyi. Mafuta yenye chaji chanya huifunika na kuipitisha. Baada ya saa 24 hadi 48 unapima kama RNA mjumbe imepungua, na baada ya saa 48 hadi 72 unapima protini yenyewe. Usipime protini mapema. Zilizokwisha kushonwa huishi muda wake, na mwanafunzi akipima siku ya kwanza hudhani jaribio limekufa.

8. "Kasi ya ukuaji ilipungua": imepimwaje?

Uliza swali hili kila unaposoma habari kama hiyo, kwa sababu vipimo havisemi kitu kimoja.

Kipimo maarufu ni MTT: unaweka dawa ya njano, seli hai huigeuza zambarau, mashine inasoma ukolevu. Ni rahisi na ni ya haraka. Ila inapima shughuli za ndani ya seli, haihesabu seli. Seli iliyochoka lakini hai inaweza kuonekana kama seli iliyopungua.

Kuhesabu seli moja kwa moja, siku baada ya siku, ni bora zaidi. T24, seli za kibofu zinazotumika sana, hujizidisha mara mbili kwa takriban saa 20, kwa hiyo tofauti ndogo ya kasi huonekana wazi kufikia siku ya nne. Kipimo ninachokipenda mimi ni cha makundi. Unapanda seli mia chache tu, mbalimbali, unaziacha siku 10 hadi 14, halafu unazipaka rangi. Kila seli iliyoweza kuzaa imeacha duara la zambarau unaloliona kwa macho. Sahani moja ina nukta kama mvua ya rasharasha vumbini, nyingine ina tano au sita.

Vilevile, kupunguza kasi si kuua. Seli iliyosimama inaweza kuamka. Ripoti nzuri hutenganisha seli zilizosimama na seli zilizokufa.

9. Kwa nini watafiti wanang'ang'ania makundi ya kulinganisha?

Mwaka wangu wa kwanza nilinyamazisha jeni moja katika T24, na siku ya tatu nikakuta visima karibu vitupu. Seli zilizobaki zilikuwa zimejikunja duara, zinaelea. Nilimwita dada aliyekuwa akinielekeza, nikiwa na furaha isiyo kifani. Hakusema neno. Aliisogeza sahani chini ya hadubini hadi kwenye safu ya kulinganisha, ile niliyoiwekea siRNA isiyolenga jeni yoyote. Nayo ilikuwa tupu vilevile. Nilikuwa nimeweka mafuta mengi kupita kiasi, na mafuta ndiyo yaliyoua seli. Jeni yangu haikuhusika. Kazi ya wiki mbili ilikwenda, na laiti ile safu isingekuwepo, ningeandika ugunduzi wa uongo kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo jaribio linaloaminika lina angalau haya: seli zisizoguswa, seli zilizopewa mafuta peke yake, seli zilizopewa siRNA isiyolenga kitu, na siRNA mbili au zaidi tofauti dhidi ya jeni ileile. Hili la mwisho ni la lazima kwa sababu uzi mmoja unaweza kunyamazisha jeni nyingine zinazofanana nao kwa herufi saba au nane tu. Nyuzi mbili tofauti zikitoa jibu moja, uwezekano wa bahati mbaya unapungua.

Ushahidi mzito kuliko wote ni kurudisha. Unaipa seli nakala ya jeni iliyobadilishwa herufi kidogo ili siRNA isiitambue, lakini protini itoke ileile. Kama kweli ni jeni hiyo, ukuaji unarudi. Tafiti nyingi hazifiki hapa, na nasikitika zinapochapishwa bila hatua hii.

10. Seli ikishanyamazishwa hubaki hivyo?

Kwa siRNA, hapana. Katika seli zinazogawanyika haraka, athari hufifia ndani ya siku 5 hadi 7, kwa kuwa kila mgawanyiko hugawa siRNA iliyopo kwa watoto wawili. Kwa shRNA iliyopachikwa, unyamazishaji huendelea mradi seli inaishi, na kwa hiyo ndiyo hutumika kwa majaribio ya wiki nyingi au ya panya.

## Kutoka sahani hadi kwa mgonjwa

11. Kama inafanya kazi maabara, kwa nini bado si dawa?

Kwa sababu sahani haina mkojo, haina damu, haina kinga ya mwili, na seli zake zote zimelala uchi mbele ya mtafiti. Tatizo kubwa la fani hii nzima ni kufikisha. RNA tupu hukatwakatwa na vimeng'enya dakika chache tu baada ya kuingia mwilini. Ikinusurika, lazima ipenye seli. Na ikipenya, hujikuta imefungiwa ndani ya kifuko kinachoelekea kwenye jalala la seli; sehemu ndogo sana hufanikiwa kutoroka na kuikuta RISC.

Kuna tatizo la pili. Saratani hutafuta njia ya mchepuko. Ukizuia FGFR3, baadhi ya seli huongeza kutegemea EGFR, kipokezi kingine, na safari inaendelea. Jeni moja peke yake ni nadra kutosha.

12. Lakini kibofu si kinafikika kwa mpira wa mkojo? Kwa nini wasimwage dawa humo?

Ni swali zuri, na ndilo lililonivuta mimi kwenye kibofu. Tayari hospitali hufanya hivyo kwa dawa nyingine. BCG, chanjo ileile ya kifua kikuu iliyotuachia wengi wetu kovu mkononi, huingizwa kibofuni kupitia mpira ili kuamsha kinga dhidi ya saratani iliyo juu juu. Alvaro Morales wa Kanada alichapisha matokeo ya kwanza mwaka 1976, na hadi leo ni nguzo ya tiba. Dawa ikiwekwa kibofuni haisambai sana mwilini, na hilo ni jambo jema.

Ugumu ni kwamba kibofu kiliumbwa kuzuia vitu visipite. Maisha yake yote kinabeba sumu zinazotolewa na figo, kwa hiyo ukuta wake wa ndani una safu ya seli pana zilizofungana kama vigae, na juu yake utando wa ute wenye chaji hasi unaoisukuma RNA mbali. Mgonjwa anaweza kubana dawa kwa saa moja au mbili, kisha mkojo mpya unaisafisha. Watafiti wamejaribu kufunika siRNA kwa kitosani, kitu kinachotokana na magamba ya kamba na kaa, kwa sababu kina chaji chanya, hunata ukutani na hulegeza kidogo mshikamano wa seli. Mwaka 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Yale lilionyesha katika panya kwamba chembechembe zilizofunikwa hivyo, zikiwa na siRNA ya survivini, zilipenya ukuta vizuri zaidi na kupunguza uvimbe.

13. Kuna dawa yoyote ya siRNA iliyoidhinishwa kwa binadamu?

Ndiyo, ila si ya saratani ya kibofu. Ya kwanza ilikuwa patisiran, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva. Zimefuata givosiran, lumasiran na inclisiran. Hii ya mwisho hupunguza kolesteroli, na baada ya dozi mbili za mwanzo huchomwa mara moja kila miezi sita. Zote hizo hufanya kazi kwenye ini. Ini huvuta chembe za mafuta kutoka kwenye damu, na seli zake zina kipokezi kinachoshika sukari maalumu iliyofungwa kwenye RNA. Kibofu bado hakijapata anwani nyepesi kama hiyo.

14. Haijawahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa kibofu?

Binamu yake imejaribiwa. Apatorsen ni uzi mmoja wa DNA uliorekebishwa, unaozuia RNA mjumbe ya Hsp27, protini inayozikinga seli za saratani dhidi ya msukosuko, pamoja na ule wa dawa. Katika jaribio lililoitwa Borealis-1, wagonjwa wa saratani ya kibofu iliyosambaa walipewa dawa za saratani za gemsitabini na sisplatini, pamoja na apatorsen au bila hiyo. Apatorsen haikuwaongezea maisha kwa kiasi cha kuaminika. Maabara ilikuwa imeonyesha matumaini makubwa. Nasimulia hili kwa kila mwanafunzi wangu.

15. Nimesikia Marekani kuna tiba ya jeni ya kibofu. Ndiyo hii?

Hapana. Nadofaragene firadenovec, iliyoidhinishwa Desemba 2022 kwa wagonjwa ambao BCG imeshindwa kuwasaidia, hutumia virusi kupeleka jeni mpya ndani ya ukuta wa kibofu ili utengeneze interferoni, protini inayoamsha kinga ya mwili. Huko ni kuongeza sauti, si kunyamazisha.

16. Baba yangu ana saratani ya kibofu. Tumtafutie tiba hii wapi?

Pole sana, ndugu yangu. Jibu la kweli ni kwamba hakuna siRNA iliyoidhinishwa kutibu saratani ya kibofu, popote duniani. Anayekuuzia "dawa ya kuzima jeni" kwa ugonjwa huu anakuibia. Ukiambiwa ni majaribio ya kitabibu, kumbuka kwamba katika utafiti halali, kwa kawaida mgonjwa hatozwi pesa kwa dawa inayofanyiwa majaribio. Anasaini ridhaa, na kuna kibali cha kamati ya maadili ambacho una haki ya kukiona.

Tiba zilizopo si kidogo. Uvimbe ulio juu juu hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, kisha dawa au BCG huwekwa kibofuni. Ulioingia kwenye msuli huhitaji upasuaji wa kutoa kibofu, au mionzi pamoja na dawa za saratani. Mpelekeni mzee kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na muulizeni jambo moja mapema: je, uvimbe umefika kwenye msuli au haujafika? Jibu hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Na kama anavuta sigara, aache sasa. Tumbaku ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote cha saratani hii, na kuacha kuna faida hata baada ya kugundulika.

17. Kuna mitishamba inayonyamazisha jeni za saratani?

Utasoma kwamba kitu kilichomo ndani ya manjano, au ndani ya mmea fulani, "kimepunguza kiwango cha jeni" katika seli za kibofu. Inawezekana ni kweli ndani ya sahani. Huko si kunyamazisha kwa maana ya swali la 3. Ni kemikali inayogusa mambo mengi kwa pamoja, tena kwa kiwango ambacho mara nyingi hakifikiki mwilini kwa kula. Mgonjwa anayetumia mitishamba amwambie daktari wake, kwa sababu baadhi huathiri figo, na sisplatini nayo huelemea figo hizohizo.

## Maswali ya pembezoni

18. Kichocho kinaingiaje hapa?

Kinaingia sana, hasa kwetu. Kichocho cha mkojo huletwa na Schistosoma haematobium, mnyoo anayepitia kwa konokono wa majini. Mayai yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu na kuutia jeraha miaka nenda miaka rudi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtangaza mnyoo huyu kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu mwaka 1994. Misri imebeba mzigo huu kwa vizazi, na Pemba na Unguja zimepambana nao kwa miongo.

Saratani inayofuata kichocho mara nyingi ni ya aina ya seli bapa, tofauti na ile ya kawaida ya Ulaya na Marekani. Na hapa ndipo ninapoumia: seli nyingi tunazozitumia kunyamazisha jeni, T24 na 5637 kwa mfano, zinatokana na ile aina ya kawaida. Zipo seli za aina ya seli bapa ziitwazo SCaBER, lakini hutumika mara chache. Matokeo mazuri ndani ya T24 hayamwambii mgonjwa wa kichocho mengi.

Hatuhitaji kusubiri siRNA, hata hivyo. Kichocho hutibiwa kwa praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na mayai huonekana vizuri zaidi katika mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Katika baadhi ya jamii mvulana akikojoa damu huambiwa anakua. Hakui, anaumwa. Na mtu mzima anayekojoa damu, hata mara moja, hata bila maumivu, asichukulie kuwa ni kichocho tu.

19. Je, kila jeni inayohusika na saratani inafaa kunyamazishwa?

Hapana. Jeni kama TP53 na RB1 ni breki. Katika saratani nyingi za kibofu zimeshaharibika, na kuzinyamazisha ni kuongeza mwendo. Njia hii inafaa kwa jeni zinazopiga kelele kupita kiasi.

20. MikroRNA nazo ni kitu kilekile?

Ni njia ileile inayotumiwa na mwili wenyewe. Seli hutengeneza RNA fupi za kupunguza sauti za jeni zake. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobel ya mwaka 2024 kwa kuzigundua. Tofauti ni kwamba mikroRNA moja huzipunguza sauti kidogo kidogo jeni nyingi, wakati siRNA hulenga moja kwa nguvu.

21. Tafiti za "kunyamazisha jeni X hupunguza ukuaji wa seli za kibofu" ni nyingi mno. Zote ni za kweli?

Si zote, na lazima tuliseme. Jennifer Byrne, mtafiti wa saratani wa Australia, alianza kugundua makala zinazofanana mno: jeni tofauti, saratani tofauti, lakini maneno yaleyale na michoro ileile. Alipozilinganisha herufi za siRNA zilizoandikwa, nyingine hazikulenga jeni iliyotajwa kabisa. Nyingine, zilizodaiwa kuwa za kulinganisha, zililenga jeni halisi. Mwaka 2017 yeye na Cyril Labbé wa Ufaransa walichapisha uchunguzi huo, na tangu hapo makala kadhaa za aina hii zimefutwa.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe bila maabara. Nakili herufi za siRNA kutoka kwenye makala, ziweke kwenye BLAST, programu ya bure ya kutafuta mfuatano wa jeni, uone zinaangukia wapi. Ni kazi ya dakika tano. Kisha kagua orodha ya swali la 9.

22. Seli ninazozitumia ni kweli za kibofu?

Zihakiki. Seli ziitwazo ECV304 zilitumika kwa miaka kama seli za mishipa ya damu, hadi alama za DNA zilipoonyesha kuwa ni T24 zilizoingia kwenye chombo cha wengine. Zile za EJ nazo ni T24 kwa jina jingine. T24 zenyewe zilitoka kwa mama mmoja wa Sweden mwenye umri wa miaka 81, na zina heshima yao. Mwaka 1982 ndani yake lilipatikana badiliko la herufi moja katika jeni ya HRAS, la kwanza kabisa la aina hiyo kutambuliwa katika saratani ya binadamu. Ni seli ngumu, zinakua haraka, na tone moja lililorukia chombo cha jirani linatosha kukimeza.

23. Jaribio hili linaweza kufanyika hapa Afrika Mashariki?

Linaweza, palipo na kabati salama la kufanyia kazi, kabati la joto, hadubini, naitrojeni ya kimiminika ya kuhifadhia seli, na umeme usiokatika, au jenereta inayowaka yenyewe saa nane za usiku. siRNA huja ikiwa unga mkavu na huvumilia safari kuliko wengi wanavyodhani. Mafuta ya kubebea huhitaji ubaridi njia nzima, kwa hiyo panga ni nani atakayeyapokea uwanja wa ndege Ijumaa jioni.

Ukianza, anza na jeni ambayo jibu lake linajulikana, kama PLK1, uone mikono yako inatoa jibu lilelile. Kisha weka SCaBER kando ya T24 katika kila jaribio, tangu la kwanza.